Friji ya Damu na Mche wa Sabuni

Vijana, nimeombwa niwaandikie habari za kazi. Aliyeniomba ni mkuu wa karakana yenu, na nadhani alitaka niwatie moyo. Amekosea mtu. Juzi nilipopita hapo kwenu nilimkuta mmoja wenu, jina simtaji, anafunga kidhibiti joto kipya kwenye kabati la maabara. Alinipa shikamoo yake vizuri, nikaitikia marahaba, akarudi kwenye simu. Kidole kimoja kwenye simu, kingine kwenye kitufe. Kile kifaa kikawa kinamuuliza kwenye kioo chake kama kinatakiwa kupasha au kupoza, naye anabonyeza kukubali, anakubali tena, mpaka maswali yakaisha. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, umekubali nini?" Akasema, "Bibi, hizi za siku hizi zinajiseti zenyewe."

Nilirudi nyumbani chakula kikanishinda. Ndiyo maana naandika.

Kwa yule ambaye bado hajakishika, kidhibiti joto kina waya mrefu wenye ncha ya kupimia, na ncha hiyo unaiweka mahali unapotaka kujua joto lake. Unakiambia joto unalolitaka, nacho kinatoa umeme au kinaunyima. Shughuli yote iko kwenye huko kutoa. Kikifungwa kwenye hita, kinatakiwa kitoe umeme pakipoa. Kikifungwa kwenye friji, kinatakiwa kitoe umeme pakipata joto. Kifaa ni kilekile na skrubu ni zilezile, ila kuna swichi moja ndogo ya kuchagua. Halafu kuna swichi ya pili, inayoamua umeme unatolewaje. Unaweza kutolewa kwa mkupuo, yaani kinawasha na kuacha mpaka joto litoshe, ndipo kinazima. Au unaweza kutolewa kwa kile tulichokiita kudonoa, kinawasha na kuzima upesi upesi ili joto litulie mahali pamoja. Hita inapenda kudonolewa. Kompresa ya friji ukiidonoa unaiua.

Friji moja ya zahanati huko Buguruni niliikuta imefungwa hivyo. Inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena, na mganga wa pale akaniambia ndiyo kawaida yake, wameshaizoea. Mota ilikuwa imeanza kunuka. Magomeni nako nilikuta beseni la umeme la maabara, lile la kuwekea mirija ya vipimo kwenye joto la mwili, limepandishwa mpaka maji yanachemka. Ndani mlikuwa na mayai. Wahudumu walikuwa wakichemshia staftahi yao humo, halafu wanashangaa kwa nini vipimo vya asubuhi havieleweki. Niliwasema mpaka koo likakauka. Kisha wakanipa yai moja, nikala. Njaa ilikuwepo miaka ile, nisiwadanganye.

Miaka yenyewe ni ile ya ujamaa, kuelekea mwishoni, vitu vilipoadimika. Karakana yetu ilikuwa nyuma ya maabara ya hospitali moja ya katikati ya mji. Ukitoka getini na kukata mtaa mmoja, uko Kariakoo. Tulikuwa watatu. Mkuu wetu alikuwa Mzee Kassim, mtu wa Magomeni, mwenye kofia ya kufuma isiyopata kuwa na doa na vidole vilivyopindika kwa kazi. Wa pili alikuwa Josefu, Mchaga, mpole, hodari, mwenye haraka kidogo. Wa tatu mimi, Mwajuma, mwanamke pekee, ambaye kila mgeni aliyeingia alimwagiza chai. Mara ya kwanza nilileta. Mara ya pili nilimwambia mgeni jiko lilipo.

Vifaa vyetu vilitoka kwa marafiki wa nchi, kila rafiki na lugha yake. Hiki kimeandikwa hivi, kile vile, na kwenye kingine hakuna maandishi, kuna kijipicha cha mwali wa moto upande mmoja na nyota ya barafu upande mwingine. Spea hakuna, fedha za kigeni hakuna. Kifaa kikifa, tunachukua cha mashine nyingine na kukibadilisha matumizi. Kidhibiti kimoja kinaweza kuishi maisha matatu, leo kinapasha, mwakani kinapoza, na kila kikihama lazima swichi zake zihamishwe pia.

Mzee Kassim hakuamini maandishi wala vijipicha. Wiki yangu ya kwanza aliniwekea kidhibiti mezani, akakifunga kwenye taa ya kawaida badala ya hita, akanipa glasi ya maji yenye barafu.

"Hiki kinapasha au kinapoza?" akaniuliza.

Nikainama kusoma. Akakifunika kwa kofia yake.

"Sikukwambia usome. Kiulize chenyewe."

"Nakiulizaje, Mzee?"

"Chovya ncha kwenye barafu. Haya, taa imefanyaje?"

"Imewaka."

"Pakipoa kinatoa umeme. Basi hicho ni cha kupasha, hata kama kimeandikwa vingine. Sasa itoe ncha, ifumbate kwenye kiganja."

Nikaifumbata. Baada ya kitambo nikasikia mlio mdogo ndani ya kifaa, na taa ikazimika.

"Umeona," akasema. "Mtu akikwambia ameshaseti, mwambie sawa, ahsante, halafu chovya."

Hiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza. Ya pili ilikuwa kwamba aliyefunga hajaribu. Ukifunga wewe, najaribu mimi, kwa sababu macho yako yameshaamini mkono wako. Kwa miaka mingi sikuona fundi mwenye akili kumzidi yule mzee. Nawaambia hivyo kabla ya kuwaambia mengine.

Sasa Paulina. Paulina alikuwa mke wa Josefu, na Paulina alikufa. Nawaambia sasa hivi ili msikae mkitumaini.

Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, aliyekuwa akitupitishia ndizi kutoka dukani kwa kaka zake, wauzaji wa jumla pale Kariakoo. Josefu ndiye aliyekula chache kuliko sote, maana Mzee Kassim na mimi hatukuwa na aibu. Mimba yake ya kwanza iliharibika na alivuja damu nusura afe. Alipobeba ya pili, daktari alisema asizalie nyumbani, na damu ya kundi lake iwepo tayari. Kundi lenyewe lilikuwa adimu. Zilitafutwa chupa mbili, zikapatikana kwa tabu, zikawekwa kwenye friji ya damu ya maabara yetu. Josefu kila asubuhi alikuwa akifungua mlango wa friji ile kabla hata ya kuvua koti. Tulimtania kwamba anaamkia chupa.

Mimba ikiwa imekomaa kabisa, kidhibiti cha friji ile kikafa.

Josefu hakungoja kuagizwa. Akang'oa kidhibiti kwenye kabati la kuoteshea vimelea, lile linalotakiwa kukaa na joto la mwili, akaja nacho mezani. Wakati huo damu ilikuwa imezungushiwa barafu ndani ya friji, barafu yote iliyopatikana kwa wauza samaki wa sokoni, mpaka soko likakauka. Kumbukeni hapo kwenye barafu.

Siku hiyo mimi nilikuwa Buguruni na ile friji inayokohoa. Haya ninayowasimulia niliambiwa na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na hawakupishana.

Kidhibiti kile kilikuwa kinapasha kwa kudonoa. Kwa friji kilitakiwa kipoze kwa mkupuo. Swichi mbili zilizokaa pamoja nyuma ya kifaa. Josefu alianza na ya kudonoa, kwa sababu nilikuwa nimemsimulia Buguruni na aliogopa kuunguza mota. Akaihamisha. Akakiwekea joto la friji, akafunga nyaya za kompresa, akapitisha ncha ya kupimia katikati ya chupa. Alikuwa ameshika bisibisi anataka kurudi kwenye swichi ya pili, mhudumu wa wodi akachungulia dirishani.

"Jamani, sabuni imeshuka duka la ushirika. Foleni imeshafika kona."

Ninyi hamjui maana ya maneno hayo. Mnaingia dukani mnachagua harufu. Sisi tulikuwa tumekaa muda mrefu tunafulia majani ya mpapai na majivu. Pale kazini tulikuwa na utaratibu wetu, wala si sisi peke yetu, ofisi nyingi za mjini zilikuwa nao. Bidhaa ikifika, mwenye zamu anabeba kadi za wenzake na kuondoka palepale, hata kama mkono uko ndani ya mashine, kwa sababu foleni haikungojei. Anayebaki anamalizia. Wakubwa walijua, na wao walikuwa na wa kuwatuma.

Zamu ilikuwa ya Mzee Kassim. Akamtazama Josefu, akamwambia, "Nenda wewe. Chukua na kadi yangu. Mtoto hawezi kufuliwa nepi kwa majivu."

"Nimeshafunga, Mzee," Josefu akasema. "Bado kujaribu."

"Nenda. Nitajaribu mimi."

Josefu akaondoka anakimbia. Kichwani mwake swichi ya pili ilikuwa imeshahama. Mkono ulikuwa umenuia, basi akili ikahesabu kwamba umefanya. Na hata kama alisahau, majaribio yangelionyesha, ndiyo kazi ya majaribio.

Mzee Kassim akabaki. Akawasha umeme. Kompresa ikanguruma. Alitafuta barafu ya kutia kwenye glasi, hakukuwa na hata kipande kisichokuwa kimezunguka damu, na hakutaka kuipunguza. Akatia mkono ndani ya friji, akagusa ukuta wake kwa kiganja. Ulikuwa wa baridi. Mota inanguruma, ukuta baridi. Akafunga mlango, akaenda kuswali alasiri.

Hebu fikirini wenyewe kilichokuwa kinatokea. Ndani ya friji mlikuwa na baridi ya barafu. Kidhibiti kilikuwa bado kinaamini kimefungwa kwenye hita. Kikaona pamepoa kupita kiasi, kikatoa umeme ili papate joto. Umeme ukaenda kwenye kompresa, kompresa ikazidisha baridi. Kikaona pamepoa zaidi, kikaendelea kutoa. Kingekuta friji ina joto, kisingewasha kitu, na Mzee angeshtuka hapohapo. Barafu iliyowekwa kuilinda ile damu ndiyo iliyoficha kosa.

Asubuhi nilipoingia getini nilimkuta Josefu kwenye ngazi za maabara, amekaa, amefungua vifungo vya shati, amekumbatia chupa ya damu kwapani. Nilidhani amerukwa na akili. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada Mwajuma, hebu shika hii nyingine, joto langu halitoshi."

Hakukuwa na nyingine. Ya pili ilikuwa imepasuka kwa kuganda, vipande vyake viko ndani ya friji katikati ya barafu nyekundu. Paulina alikuwa wodini toka alfajiri, mtoto ameshatoka, damu haikatiki.

Mtaalamu wa maabara akatoka, akaichukua ile chupa taratibu, akamwambia haifai. Damu ikishaganda chembe zake zinapasuka, na ukimtia mtu unammaliza kwa mkono wako. Josefu akamwambia itayeyuka. Akamwambia tena. Mimi nilikimbia mpaka dukani kwa kaka zake Paulina, kanga imeanguka njiani sikurudi kuiokota. Walikuja wote wawili, na wapagazi wao wa dukani, wakapanga mstari kutolewa damu. Mimi kundi langu halikuwa lenyewe. Kaka mmoja ndiye aliyefaa. Walikuwa bado wanamtoa, chupa haijafika nusu, nesi akaja akasimama mlangoni, na mtaalamu akaichomoa sindano bila kuuliza kitu.

Mtoto alikuwa wa kike, mzima.

Nilikwenda kwenye friji. Sikutaka kukaa na watu. Nilifungua kifuniko cha kidhibiti na sikugusa kitu, nikamwita Mzee Kassim. Swichi moja ilikuwa kwenye mkupuo, sawasawa. Nyingine ilikuwa kwenye kijipicha cha mwali wa moto.

Aliinama akatazama.

"Niligusa," akasema. "Kulikuwa na baridi."

"Uligusa nini, Mzee?"

"Ukuta."

"Na ncha?"

Akakaa kwenye kreti la soda tulilokuwa tunakalia sote, akavua kofia. Sikuwahi kumwona kichwa wazi. Nilitaka kumwonea huruma, lakini nilichokiona pale kilikuwa ni mkono wake tu, ule uliopindika, ulioniambia nifumbate ncha. Barafu haikuwepo, kweli. Lakini kiganja kina joto siku zote. Angeishika ile ncha muda wa kunywa kikombe cha kahawa, kompresa ingezimika mkononi mwake, naye angejua. Nilimwambia hivyo, kwa maneno hayohayo, na sikupunguza.

Nilimchukia yule mzee kwa muda mrefu. Nasema wazi, kwa sababu mtasikia wazee wengine wakiwaambia kwamba mwalimu wako ni mwalimu wako.

Baadaye ilikuja kamati. Ndugu watatu wenye suti za mikono mifupi, wakakaa kwenye chumba cha maabara wakauliza kama kuna hujuma. Neno hilo siku zile lilikuwa linafunga watu. Josefu aliingia akasema kosa ni lake, aliacha swichi. Mzee Kassim akaingia akasema kosa ni lake, hakujaribu. Wakamrudisha Josefu, akasema vilevile. Nadhani walikuja tayari kwa watu wanaosukumiana, hawakujua wafanye nini na watu wanaonyang'anyana. Mwisho wakaamua kwamba kidhibiti kilikuwa kibovu na kiondolewe. Kikaondolewa. Kifaa kizima, kilichofanya kile kilichoambiwa usiku kucha bila kuchoka, kikatupwa stoo kwa ubovu, na kabati letu la vimelea likakaa bure mpaka nilipoacha kazi.

Mzee Kassim hakufukuzwa. Alibaki mpaka muda wake ulipofika, lakini hakuwahi tena kusema kitu kimefaa. Ukimuuliza anasema, "Muulizeni Josefu." Na Josefu akawa fundi wa kuudhi kuliko wote niliopata kuwajua. Utamletea kifaa kimejaribiwa na watu wawili, naye ataichukua ncha, ataifumbata, atafumba macho, na wote mtangoja. Siku hizi mngemwambia anapoteza muda.

Basi mafundisho yangu ni hayo, wala si mengi. Hivyo vioo vyenu vinaonyesha kile mlichokiambia kifaa. Havionyeshi kile kifaa kinachokifanya. Baridi inaweza kuwa imetoka mahali pengine, na mngurumo wa mota unakwambia kwamba mota ina umeme, basi. Ipashe ncha, uone. Ipoze, uone. Kama hamna barafu, kiganja mnacho. Na kama mtu ameitwa katikati ya kazi, hata kwa jambo jema, hasa kwa jambo jema, kazi hiyo haijafanyika. Anzeni mwanzo.

Kuna jambo moja nimebakiza, nalo ni la siku ya msiba.

Ulikuwa Magomeni, nyumbani kwa Josefu, tukingoja kibali cha petroli ili lori la kaka zake limpeleke Paulina kwao Kilimanjaro akazikwe. Josefu alikuwa amerudi na sabuni ile jioni, mche mmoja tu kwa kadi zote tatu, maana alipofika mbele ya foleni sabuni ilikuwa imeshapungua. Ulikuwa juu ya kabati, bado na karatasi yake. Wanawake wa kanisani kwao walipokuja kumwosha Paulina wakauliza sabuni iko wapi, na nyumba nzima haikuwa na nyingine. Wakaukata kwa uzi katikati. Nusu wakaingia nayo chumbani. Nusu nyingine wakanipa mimi, kwa sababu mtoto alikuwa ameshachafua kila kitambaa kilichokuwepo.

Nilikuwa uani nafua Mzee Kassim alipofika. Alisimama mlangoni, hakuingia wala hakuondoka. Watu walikuwa wameshajua. Hakuna aliyempa kiti.

Josefu akatoka ndani na mtoto. Akamwendea, hakumsalimu, akamwambia, "Mshike, Mzee."

Mzee Kassim akaficha mikono nyuma.

"Mshike."

Akaitoa, akaifungua, na Josefu akamlaza mtoto kwenye viganja vile viwili. Mzee akawa analia bila sauti, machozi yanadondoka kwenye kanga ya mtoto.

"Ana joto?" Josefu akamuuliza.

"Ana joto," akasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika, mwanangu. Nimemshika."

Mimi sikuinua kichwa. Nilikuwa bado nina hasira, na nepi zilikuwa nyingi.